Maisha ya Sista Irene, Mwuguzi wa Wapagazi na Mwalimu wa Gikondi

Kila ifikapo Kwaresima, shule za Kikatoliki katika mikoa ya Mbeya na Iringa hukusanya unga, sabuni, nguo na fedha kidogo, na wanafunzi hupelekwa kwa wazee wasio na watu, kwa wagonjwa na kwa yatima. Mkaaji wa Soweto mjini Mbeya, aliyezoea kuwaona watoto wa shule wakishuka katika mitaa na mizigo yao midogo kichwani, hana haja ya kuelezwa jambo hili. Twalisifu, wala hatuna nia ya kulipunguzia heshima. Hata hivyo wako wafanyakazi, nao ni ndugu zetu, waulizao swali la haki: je, mtoto aliyebeba kilo moja ya unga siku moja katika mwaka, akapigwa picha, akarudi bwenini, amefundishwa kuwatumikia watu? Au amefundishwa kwamba maskini ni mtu wa kupewa kilichobaki?

Swali hili si la kujibiwa kwa hasira. Tumeona afadhali tusimulie maisha ya mwalimu mmoja wa shule ya Kikatoliki aliyekufa mwaka 1930. Jina lake lajulikana sana Nyeri, katika nchi ya Kenya, lakini huku kwetu ni wachache wenye habari kwamba miaka iliyokuwa migumu kuliko yote katika utumishi wake aliipitisha katika ardhi yetu, huko Kilwa na Lindi. Naye ni Sista Irene Stefani, aliyeitwa na Wakikuyu Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Aurelia. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, upande wa Brescia, kaskazini ya Italia, katika nyumba yenye watoto wengi. Mama yake alifariki Aurelia akiwa bado msichana, ikawa juu yake kuwalea wadogo zake, kupika, kufua na kuwafundisha sala. Sisi wa Afrika hatuhitaji maelezo marefu juu ya binti wa namna hiyo, maana karibu kila ukoo wetu unaye mmoja, aliyeyaweka mambo yake kando ili wengine wasome. Mwaka 1911 aliaga kwao akaenda Turin, akajiunga na Masista Wamisionari wa Consolata.

Shirika lenyewe lilikuwa changa. Padre Giuseppe Allamano alilianzisha kwa mapadre na mabruda mwaka 1901, na kwa masista mwaka 1910. Na wamisionari wake wa kwanza walifika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902. Aurelia akapewa jina la Irene, ambalo kwa Kiyunani maana yake ni amani. Aliweka nadhiri Januari 1914, na mwishoni mwa mwaka huohuo akapanda meli. Aliposhuka Mombasa, Januari 1915, amani ilikuwa imekwisha kuondoka duniani kwa miezi mitano.

Vita ile wazee wa Nyanda za Juu waliifahamu vizuri kuliko vitabu. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasaland, yakalitwaa boma la Tukuyu, lililoitwa siku hizo Neu Langenburg, yakapanda hadi Njombe, na mwisho wa Agosti yakawa Iringa. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1918, jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilipita Ubena na Mbozi likikimbilia Rhodesia ya Kaskazini, likila chakula cha wenyeji njia nzima, hata lilipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba.

Lakini vita haikupiganwa kwa bunduki peke yake. Barabara za kupitisha magari zilikuwa chache mno, na farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Basi kila sanduku la risasi, kila gunia la unga na kila kitanda cha afisa kilipanda juu ya kichwa cha mtu. Waafrika waliobebeshwa mizigo hiyo, pande zote mbili za vita, hukadiriwa kuwa walipita milioni moja. Wengine walikwenda kwa kutumaini mshahara. Wengi walikamatwa mashambani na majumbani na kuhesabiwa kama mifugo. Katika Kenya sheria ya mwaka 1915 iliwaruhusu watawala kuwachukua kwa lazima. Waliokufa upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa kuwa karibu laki moja, na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Walipewa mahindi na unga usioiva vizuri, watu waliozoea ndizi, viazi na maziwa, matumbo yao yakaharibika. Jina la Kiingereza la kikosi chao, likitamkwa kwa ulimi wetu, ndilo Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako leo watu hununua nguo na nyanya bila kukumbuka ni kambi ya nani waliyoikanyaga.

Italia ilipoingia vitani mwaka 1915 upande wa Waingereza, wamisionari wa Consolata walihesabiwa kuwa marafiki, na serikali ya Kenya ikakubali masista wao wahudumie hospitali za wapagazi. Mwaka 1916 Sista Irene alipelekwa Voi, na baadaye, vita vilipohamia kusini, akavuka kwa bahari mpaka Kilwa na Lindi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano tu.

Neno hospitali lisimdanganye msomaji. Zilikuwa safu za vibanda na mahema, wagonjwa wamelala wamebanana, wengine chini kabisa, dawa kidogo, madaktari wachache, na machela zikiingia mchana na usiku. Mapigano makubwa ya Mahiwa, Oktoba 1917, yalikuwa bara ya Lindi, si mbali sana na pwani. Kazi ya Sista ilikuwa kuosha vidonda vilivyooza, kuwafuta watu waliojichafua, kuwalisha wasioweza kuinua mkono, kuwafunga mikono waliokufa na kurudi kwa waliosalia. Kwa imani yake, aliwafundisha na kuwabatiza wengi waliokuwa kufani. Wasomaji wetu si wa dini moja, na juu ya jambo hilo kila mtu atakuwa na lake la kusema. Lakini hakuna aliyepata kumshtaki kwamba alimpita mgonjwa kwa sababu alikataa maji ya ubatizo.

Liko jambo moja ambalo wasimulizi wa maisha yake hawaachi kulitaja. Maiti zilikuwa nyingi kuliko wachimba makaburi, hivyo miili ilipelekwa ufuoni, ikaachwa mpaka maji yajae yaichukue. Siku moja Sista alifika kwenye kitanda cha mpagazi aliyekuwa akimtazama siku zote, akakikuta kitupu. Akaambiwa amekwisha kufa na kuchukuliwa pamoja na wengine. Hakuridhika. Alishuka hadi ufuoni, akaanza kupekua miili mmoja mmoja, mwanamke peke yake, na bahari inapanda. Akamkuta mtu wake bado anapumua. Akamrudisha.

Tunaomba msomaji asimame kidogo hapo. Yule mpagazi kwa daftari la jeshi alikuwa hesabu iliyokwisha kufungwa. Nafasi yake kitandani ilikuwa na mgonjwa mwingine, na hakuna afisa ambaye angeulizwa habari zake. Alipona mauti ya siku ile kwa sababu moja tu, kwamba palikuwa na mtu aliyejua sura yake na akaona tofauti alipokosekana. Katika hospitali zile dawa zilikuwa haba, lakini mtu wa kuona tofauti alikuwa haba zaidi.

Hapa sharti tuseme neno jingine, tusije tukaonekana tumelewa kwa sifa. Huruma ya Sista Irene haikusimamisha vita wala haikumfungua hata mpagazi mmoja. Alifanya kazi ndani ya mpango wa jeshi, kwa kibali cha serikali ileile iliyowakamata watu hao, na aliwauguza ili waliopona wabebeshwe tena. Na baada ya vita, mishahara ya wapagazi waliokufa, ambayo haikudaiwa kwa kuwa majina yaliandikwa vibaya au jamaa hawakutafutwa, haikufika katika nyumba zao. Mabishano ya miaka mingi baina ya watawala wa huku na Hazina ya London yaliishia patupu. Katika mji wa Dar es Salaam, mwaka 1927, ilisimamishwa sanamu ya askari mwenye bunduki. Mpagazi mwenye mzigo hayumo juu ya nguzo ile. Sista mmoja angefanya nini mbele ya mambo makubwa hivyo? Wako watakaosema kwamba wenye huruma namna yake huufunika uovu kwa shuka safi, watu wasiuone. Sisi hatukubali neno hilo lote, lakini hatulitupi lote pia. Mtu aliyelala katika kibanda cha Lindi alihitaji mambo mawili, haki na maji ya kunywa. Haki ilikuwa mikononi mwa watu walio mbali, nao walimnyima. Maji aliletewa na yule aliyekuwa karibu.

Mwaka 1919 Sista alirudi Nyeri, na mwaka 1920 akapelekwa Gikondi, katika vilima vya Mukurwe-ini, awe mwalimu wa shule ya misheni. Alikaa huko miaka kumi, mpaka kufa kwake.

Nchi ya Wakikuyu ilikuwa katika taabu. Ardhi nzuri ilikwisha kuchukuliwa na walowezi, kodi ya kichwa ilipandishwa, na kila mwanamume alivishwa kipande shingoni kama kengele ya mbuzi. Mwaka 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kuyapinga mambo hayo, na watu waliokusanyika mjini Nairobi kumdai walipigwa risasi. Vijana wa Gikondi walikwenda kwa makundi kutafuta kazi katika mashamba ya walowezi, Nairobi na Mombasa. Nyuma walibaki wazee, kina mama na watoto.

Shule yenyewe ilianza kwa shida. Wazazi hawakuwa wajinga. Waliwaza kwamba mtoto akienda kukaa juu ya benchi, nani atachunga mbuzi? Na binti akijifunza kusoma, nani atatoa mahari? Sista hakukaa chini ya mti kuwangoja, wala hakumwomba chifu awalete watoto kwa nguvu, kama ilivyokuwa desturi ya mahali pengi. Alitoka. Kila siku, kazi ya darasani ilipokwisha, alishika njia za vilima na mabonde, nyumba kwa nyumba, kwa miguu, katika jua na katika matope. Alimsalimu mwenye nyumba kwa Kikikuyu, akakaa, akauliza habari za mgonjwa wa juzi na ya mbuzi aliyepotea. Mtoto wa shule alikuja baadaye, katika mazungumzo. Watu walimzoea hata wakijua saa yake ya kupita, na ndipo lile jina la Nyaatha lilipoanza. Hakulipewa na askofu; alipewa na kina mama wa vijijini.

Katika mambo yote ya Gikondi, lile tunalotaka wafanyakazi walijue zaidi ni la barua. Mama ana mwanawe Mombasa, hajapata habari zake kwa mwaka mzima, naye hajui kusoma wala kuandika. Anakuja kwa Sista, anasema yaliyo moyoni, Sista anaandika kama alivyosema. Jibu likija, Sista anamsomea mama polepole, na mara nyingine anarudia mara mbili, maana barua ya mtoto haiishi kwa kusomwa mara moja. Kadhalika vijana waliosoma katika shule yake aliwaandikia yeye mwenyewe, kuwauliza hali zao, kuwaonya, kuwapa habari za nyumbani. Kwa njia hii shule ndogo ya kilimani ikawa posta ya watu wote, wa dini ya Sista na wasio wa dini yake.

Mtu aweza kusema, barua ni kitu gani? Lakini yeyote aliyefanya kazi mbali na kwao aijua thamani yake. Kijana aliye katika makambi ya mjini, asiyeandikiwa na mtu, huanza kujisahau. Husahau mke, husahau deni la mahari, mwisho husahau hata njia ya kurudi. Nasi twadhani, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuliandika hivyo, kwamba mwanamke aliyewaona wapagazi wakichukuliwa na bahari bila majina yao kujulikana hakuweza kuiona barua kuwa kitu kidogo. Mtu ambaye jina lake limeandikwa sawasawa juu ya bahasha, na kijiji chake, na jina la mama yake, hapotei upesi.

Darasani nako alifundisha kusoma, kuandika, hesabu na dini, akawatunza pamoja naye waalimu wenyeji, ambao mishahara yao ilikuwa haba. Wanafunzi wakubwa aliwachukua katika ziara zake, wakachota maji kwa wazee na kukata kuni. Mwandishi wa makala hii, aliyesomeshwa na wamisionari, azikumbuka siku za kuchota maji ya namna hiyo, na akiri kwamba sisi wengi tuliichukia kazi ile na kuificha ndoo majanini. Tofauti yetu na watoto wa Gikondi haikuwa katika wema wa mioyo. Wao walikwenda na mwalimu wao, akiwa ametangulia mbele njiani, wala hawakutumwa naye akabaki nyumbani.

Mwezi wa Septemba 1930 masista walikutana Nyeri kwa mafungo yao ya mwaka. Hapo Sista Irene aliomba ruhusa kwa mkuu wake ayatoe maisha yake kwa Mungu kwa ajili ya misheni. Jambo hilo laweza kuwa gumu kueleweka kwa watu wa siku hizi, nasi hatutajaribu kulieleza. Alirudi Gikondi, akaendelea na kazi kama kawaida.

Tauni ilikuwa imeingia kijijini. Ni ugonjwa uletwao na viroboto wa panya, na ukishuka mapafuni huambukizwa kwa pumzi. Wakati ule dawa za kuuponya zilikuwa bado hazijapatikana. Mwalimu mmoja wa shule aliupata. Watu wakaogopa, wala hatuwalaumu, maana kumwingilia mgonjwa wa tauni ndani ya kibanda ilikuwa karibu sawa na kujichimbia kaburi. Sista aliingia. Alimhudumia, akakaa naye, na mgonjwa alifia mikononi mwake. Siku chache baadaye homa ikamshika yeye mwenyewe. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Mauti yalimpata kwa ajili ya mwalimu mwenzake, Mwafrika mwenye mshahara mdogo, ambaye nje ya vilima vile hakuna aliyemjua.

Huku Iringa, masista wenzake walikuwa wamekwisha kuanza kazi. Baada ya vita wamisionari wa Kijerumani wa Mtakatifu Benedikto waliondolewa Tosamaganga, na mwaka 1919 wale wa Consolata wakatumwa kutoka Kenya kushika nafasi yao, masista wakafuata. Shule na hospitali ya Tosamaganga, ambako watoto wengi wa Uhehe na Ubena walisoma na kuzaliwa, zililelewa na shirika lilelile lililomlea Sista Irene. Hivyo wazee wa Iringa wanaosema kwamba walifundishwa na masista wa Consolata wanasema habari za dada zake.

Jina lake halikubaki Kenya. Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe katika Msumbiji, kijiji cha Nipepe, jimbo la Niassa, kilishambuliwa, na watu wengi, pamoja na makatekista waliokuwa katika mafunzo, walijifungia kanisani kwa siku kadhaa na kiu kali. Waliomba kwa jina la Sista Irene, na maji kidogo yaliyokuwa katika chombo cha ubatizo yakawatosha wote hadi walipotoka. Kanisa Katoliki lilichunguza ushuhuda wao na kuukubali kuwa ni muujiza.

Kwa hiyo tarehe 23 Mei 2015, mjini Nyeri, Sista Irene alitangazwa kuwa Mwenye Heri, na sherehe ya namna hiyo ilikuwa haijapata kufanyika katika ardhi ya Kenya. Aliyeiongoza kwa niaba ya Papa Fransisko alikuwa Kardinali Polycarp Pengo, Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, mzaliwa wa Mwazye katika Sumbawanga, ambaye kabla ya hapo alipata kuwa askofu wa Tunduru-Masasi, jirani na nchi ile ya Lindi ambako wapagazi walilazwa. Mabaki ya Sista yamehifadhiwa Nyeri, na kila tarehe 31 Oktoba watu wa Gikondi humkumbuka.